Ndege Anayeita kwa Sauti ya Kiberiti

Wanaokuja kwangu kujifunza maisha ya porini huja na visu vipya, na siku ya kwanza kila mmoja anataka kupekecha moto. Nawaacha wapekeche: kijiti kigumu juu ya ubao laini, viganja vikisugua mpaka vinatoa malengelenge, na mara nyingi kinachopatikana ni moshi tu. Jioni, wakiwa hoi, ndipo nawaambia kwamba somo lenyewe ni kesho alfajiri, na visu vibaki kambini. Tunakwenda kumsikiliza mlembe.

Mlembe ni ndege wa kijivu na kahawia, urefu wake sentimita 20 hivi. Akitulia tawini utampita bila kumwona. Akiruka, angalia mkia: pembeni una manyoya meupe yanayomulika. Lakini macho si kitu hapa. Chukua kiberiti kilichobaki njiti nusu, kitikise haraka haraka karibu na sikio. Sauti hiyo ndiyo mwito wake, na anakuita wewe.

Shida yake ni moja. Anapenda nta na majana ya nyuki, na pango la nyuki analijua liliko, ila hana uwezo wa kulipasua, na nyuki wanaweza kumuua. Binadamu ana shoka na kienge cha moto. Kwa hiyo ndege huleta habari, mtu huleta zana.

Mwaka 1989 Hussein Isack na H.-U. Reyer walichapisha utafiti wao kuhusu Waborana wa kaskazini mwa Kenya. Mrina asali aliyetafuta peke yake katika eneo asilolijua alitumia wastani wa saa 8.9 kupata mzinga. Aliyeongozwa na ndege alitumia saa 3.2. Waborana walikuwa wakidai siku zote kwamba ndege huyu huwaambia mwelekeo na umbali, na wapo waliodhani ni ngano tu. Vipimo vikawapa haki. Kadiri mzinga unavyokaribia, mlembe huruka masafa mafupi zaidi na kutua matawi ya chini zaidi. Akifika, hubadilisha sauti: mwito huwa wa taratibu, wenye kusitasita, kisha ananyamaza. Wanafunzi wangu wengi hukata tamaa hapohapo, wakidhani ndege amewatoroka. Kumbe kimya ndicho jibu. Simama, inua uso, tafuta nyuki wanaoingia na kutoka penye jua.

Nawe unaweza kumwita. Katika hifadhi ya Niassa, Msumbiji, Wayao hutoa mlio wa ulimi unaotetema na kumalizikia kwa mguno. Utafiti wa Claire Spottiswoode na wenzake wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mlio huo huongeza nafasi ya kuongozwa na ndege kutoka asilimia 33 hadi 66. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi hawaguni. Wao hupiga mbinja. Mwaka 2023 Spottiswoode na Brian Wood walieleza jaribio la kubadilishana milio, na ndege wa Eyasi wakaitikia mbinja ya Kihadzabe zaidi ya mara tatu kuliko mlio wa Kiyao. Ni kama kila eneo lina lugha yake, na ndege huijua ya kwao. Wala hafundishwi na mama yake, kwa maana mlembe hutaga katika viota vya ndege wengine, na kinda lake huwaua makinda wenyeji kwa ncha kali za mdomo. Mgeni mbaya, kusema kweli, lakini kwenye asali ni mshirika.

Malipo ndiyo mahali watu wanapotofautiana. Wayao humwekea ndege nta juu ya majani. Mimi nililelewa hivyohivyo, nikiambiwa asiyemlipa mlembe, siku nyingine ataongozwa kwa chui. Kwa hiyo nilishangaa siku niliyofuatana na mzee mmoja wa Kihadzabe. Alipigilia vigingi katika shina la mbuyu, akapanda navyo kama ngazi, akafukiza, akashuka na masega. Tulipokwisha kula, akakusanya nta iliyobaki mpaka vipande vya ukubwa wa ukucha, akaitupa motoni na kufukia mabaki.

"Mzee, na mwenzetu je?" nikauliza, nikionyesha juu.

"Akishiba atalala, mwanangu."

Tukakaa kivulini. Mlembe alishuka mpaka penye jivu, akaparura kidogo, akapata chembe moja au mbili zilizotuponyoka. Kisha akaruka hadi kwenye mgunga upande wa pili wa korongo, akageuka kututazama, akaanza tena kutikisa kiberiti chake. Mzee akachukua shoka.