Nyuzi na Michakato katika Seva ya Hifadhidata
Huko Mwakitolyo, mkoani Shinyanga, wachimbaji wadogo wa dhahabu huchimba mashimo yaitwayo maduara. Kila kundi likiwa na duara lake, magogo ya kuegemeza kuta huhitajika mengi, lakini moja likiporomoka mengine husalimika. Wote wakiingia duara moja, magogo hupungua na hatari huwa ya wote.

Ndivyo zilivyo seva za hifadhidata. PostgreSQL humpa kila mteja mchakato wenye kumbukumbu yake. MySQL huwahudumia wateja kwa nyuzi ndani ya mchakato mmoja. Uzi ni mwepesi, lakini hitilafu yake yaweza kuiangusha seva nzima.

Hata hivyo, michakato ya PostgreSQL hushiriki sehemu fulani ya kumbukumbu; mmoja ukianguka ghafla, mchakato mkuu huisimamisha mingine na kuanza upya. Kutenganisha hupunguza hatari, wala hakuiondoi.