Kaskazini na Fungu Lake

Misimu mitano ya mvua ilipokatika mfululizo, tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, na mifugo zaidi ya milioni 2.5 ikafa katika nyika za Kenya, wengi walisema kwamba hiyo ni kudra ya Mola na kwamba mja hana ila kusubiri na kuomba dua. Juu ya mvua sina la kubishana nao. Lakini kwamba ukame ule ule ulimpunguzia raia mmoja mavuno yake tu, ukamwacha mwenziwe wa Wajir au Turkana hana hata mbuzi mmoja, wala zahanati ya karibu, wala njia ya kumfikishia unga kwa wakati, jambo hilo lina asili yake katika madaftari ya hazina ya serikali, na anayetaka kulifahamu hana budi kuyafunua.

Zama za ukoloni, eneo la kaskazini lililoitwa Northern Frontier District lilikuwa nchi iliyofungwa, haingiliki wala haitokeki ila kwa idhini. Hata uhuru ulipopatikana kufuli halikuondoka mara moja, na mwaka 1965, Tom Mboya akiwa waziri wa mipango ya uchumi, serikali ilitoa Waraka Nambari 10, uliohusu Ujamaa wa Kiafrika, na humo ikaelekezwa kwamba fedha za maendeleo zitangulie kupelekwa kule zitakakozaa kwa wingi, yaani penye ardhi yenye rutuba, mvua, njia na umeme, na watu walio wepesi wa kupokea maendeleo. Walioandika waraka ule hawakukusudia dhuluma. Walitaraji kwamba faida ya huko ingekuja kugawiwa kwingine baadaye. Hata hivyo, kipimo chenyewe kilikuwa kimekwisha kuamua nani atangoja, kwani penye mvua paliongezewa barabara, penye barabara pakaota soko na shule, na nyika ikabaki kuhesabiwa kuwa mzigo, hata ikawa desturi kwa watu wa Marsabit na Moyale, wasafiripo kwenda Nairobi, kusema kwamba wanakwenda Kenya.

Katiba ya 2010 ilikusudia kuirekebisha hesabu hiyo. Mbali na mgao wa kaunti zote 47, kifungu cha 204 kiliunda Hazina ya Usawazishaji, inayostahili kila mwaka nusu ya asilimia moja ya mapato yote ya serikali ya taifa, itumike kwa maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizoachwa nyuma, mpaka huduma za huko zilingane na za Wakenya wengine. Tume ya Ugavi wa Mapato ilitaja kwanza kaunti 14, zikiwemo Mandera na Turkana, na za pwani pia: Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. La kusikitisha ni kwamba fedha zilizotolewa zilikuwa sehemu ndogo tu ya zilizostahili, na ugomvi wa nani azishike, wizara za Nairobi au serikali za kaunti, ulifika Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2019 ilibatilisha miongozo iliyokuwa ikitumika. Miaka ikapotea katika mabishano, na visima vingi havikuchimbwa.

Hata hivyo, yapo mambo mawili yanayoonyesha kwamba fedha ya umma, ikiwekewa utaratibu mwema, humkinga mtu kabla hajaanguka. La kwanza ni mpango wa kupambana na njaa katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, ulioanzishwa kwa msaada wa wafadhili, Uingereza hasa, kisha serikali ya Kenya ikazidi kuubeba. Karibu kaya zote za kaunti hizo ziliandikishwa, na zile maskini zaidi, takriban laki moja, zikawa zinalipwa kila baada ya miezi miwili. Mama mmoja anafika dukani kwa wakala wa benki, anatoa kadi yake, anaweka kidole juu ya mashine, anapewa shilingi zake, na aghalabu anamlipa papo hapo mwenye duka deni la sukari na unga. Setilaiti zikionyesha kwamba majani yamekauka kupita kiasi, kaya nyingine nazo huongezwa, ili mtu asilazimike kumuuza mbuzi wake wa mwisho kwa bei ya kutupa.

La pili, ambalo kwangu mimi ni bora zaidi, lilianzia Isiolo. Waborana wa huko wana taasisi yao ya kale, *dedha*, ambayo wazee wake huyagawa malisho: ya mbali na mto Ewaso Nyiro huliwa wakati wa mvua, ya kandokando ya mto huwekwa kwa kiangazi, na mengine hayaguswi mpaka ukame uwe mkali. Mgeni mwenye ng'ombe hutuma kwanza ujumbe kuomba, naye huonyeshwa pa kuchungia na pa kunyweshea. Kwa miaka mingi serikali ilichimba visima pasipo kuwauliza wazee hao, na kisima kilichowekwa katikati ya malisho ya akiba huyaua malisho hayo, kwa kuwa mifugo hujazana hapo mwaka mzima. Ndipo ukajaribiwa mfuko wa tabianchi, ambao kamati za wadi, zilizochaguliwa na wakazi wenyewe, ndizo zinazoamua sehemu kubwa ya fedha zake itumike kwa nini. Wakachagua kukarabati mabwawa, kuyazungushia ua, na kugharimia mikutano na doria za wazee wa *dedha*. Mhasibu wa mjini yamkini angeyaona matumizi hayo kuwa madogo mno. Lakini nyasi zikilindwa hadi mwezi wa mwisho wa kiangazi, vijana hawana sababu ya kuvuka mpaka wa jirani wakiwa na bunduki, na usalama ambao hutafutwa kwa malori ya askari hupatikana kwa gharama ya posho na petroli ya pikipiki. Makueni ilitunga kanuni za mfuko wa namna hiyo mwaka 2015, ikautengea asilimia moja ya bajeti yake ya maendeleo, na kaunti nyingine zikafuata.

Nikirudi kwenye Hazina ya Usawazishaji, kuna tarehe ambayo kila mkazi wa kaunti zilizoachwa nyuma anapaswa kuijua. Kifungu cha 204 kiliwekewa umri wa miaka ishirini tangu katiba ilipoanza kutumika, nacho kitakoma Agosti 2030, isipokuwa Bunge litunge sheria ya kukirefusha, itakayoungwa mkono na zaidi ya nusu ya wabunge wote na zaidi ya nusu ya ujumbe wa kaunti katika Seneti. Mgombea yeyote atakayekuja kuomba kura kabla ya hapo, awe wa Garissa au wa Kwale, aulizwe mbele ya baraza atapiga kura upande gani, na malimbikizo ya fedha ambazo hazikutolewa atayadai vipi.