Chemchemi ya Bustani: Kuiunda na Kuitunza Bila Hatari

Mgeni aingiaye katika magofu ya Gedi, karibu na Watamu, ataona penye Msikiti Mkuu kisima na birika vilivyojengwa kwa mawe na chokaa. Wenyeji wa mji ule waliteka maji kisimani wakayatia birikani, wakayatumia kwa kutawadha. Na katika nyumba za kale za Lamu, watu walizoea kufuga samaki wadogo ndani ya birika ili wale viluwiluwi vya mbu. Walijua jambo ambalo wengi wajengao chemchemi za bustani siku hizi hulisahau, kwamba maji yaliyokusanywa uani yataka mlinzi.

Chemchemi tunayoieleza hapa si ile itokayo ardhini, bali ni ile iundwayo na fundi, ambayo maji yake hurushwa juu, yakaanguka birikani, yakarushwa tena. Maji ni yale yale. Kazi ya mwenyewe ni kujaza tu kiasi kilichokaushwa na jua na upepo. Mtu anayeuacha mfereji wazi mchana kutwa ili chemchemi yake icheze hajaielewa, tena anawapunja jirani zake, kwa maana maji ya Baricho, yanayovutwa kutoka Mto Sabaki, yanangojwa na watu wa Malindi, Kilifi mpaka Mombasa.

Chagua mahali palipo sawa, panapoonekana kutoka barazani. Pasiwe chini ya mti upukutishao majani, wala chini ya mnazi. Nazi moja yatosha kuharibu kazi ya wiki nzima. Mawe yetu ya matumbawe hunywa maji, kwa hiyo birika sharti lipigwe lipu ya simiti ndani, mara mbili, kisha lipu iloweshwe kila siku kwa muda wa wiki moja ili isipasuke. Baadaye lijaze maji na kuyamwaga mara kadhaa kabla ya kutia samaki, maana ukali wa simiti mpya huwaua.

Pampu huwekwa juu ya tofali, isivute matope ya chini, na mpira wa maji hutoka kwake hadi kileleni. Daima iwe imezama kabisa. Pampu ifanyayo kazi pasipo maji hupata moto ikaungua.

Sasa twafika penye hatari kubwa. Umeme wa nyumbani ni volti 240, na mtu aliyelowa, asimamaye peku juu ya ardhi ya majimaji, aweza kuuawa nao mara moja. Afadhali kununua pampu ya volti 12; transfoma yake iwekwe mahali pakavu, mbali na birika. Pampu ndogo ya nguvu ya jua nayo yafaa sana. Ikiwa ni lazima kutumia umeme wa nyumba, fundi aliyehitimu afunge swichi ile ikatayo umeme yenyewe mara unapovuja, ya kipimo cha miliampia 30. Waya usiungwe kwa utepe ndani ya maji, hata kama muuzaji amekuhakikishia kwamba hakuna neno. Wala mtu yeyote asitie mkono birikani kabla ya kuchomoa waya.

Watoto nao wasisahauliwe. Mtoto mchanga aweza kuzama katika maji yasiyofika magotini mwake. Funika birika kwa wavu wa chuma ulio imara, juu kidogo ya uso wa maji, ukaupange mawe juu yake. Maji yatapita, mtoto hatapita.

Mbu hapendi maji yanayochafuka, lakini umeme ukikatika au pampu ikiziba, maji hutulia, na katika joto letu yai huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa siku 8 hadi 14. Mbu aletaye homa ya dengi na chikungunya, ugonjwa ulioenea Mombasa tangu mwisho wa mwaka 2017 hadi 2018, hugandisha mayai yake ukutani, juu kidogo ya maji. Mayai hayo hustahimili ukavu miezi mingi. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi: kila wiki sugua kuta kwa brashi ngumu. Samaki wadogo husaidia, ila wasitupwe mtoni wakizidi, maana samaki wageni huwasumbua wenyeji.

Atumiaye maji ya kisima kilicho karibu na bahari ataona ukoko mweupe wa chumvi na chokaa kwenye pampu. Mara moja kwa mwezi ichomoe, iloweshe katika siki iliyochanganywa na maji, uisugue kwa mswaki mkuukuu. Na ukisafiri, usimwachie jirani kazi hii: mwaga maji yote, sugua kuta, ukaushe pampu na kuiweka ndani ya nyumba, kisha funika birika ili mvua isilijaze nawe hupo.