Idadi ya Watu katika Upasuaji wa Roboti

Neno roboti lilienea kutokana na mchezo wa kuigiza wa Mcheki Karel Čapek, uliochapishwa mwaka 1920, na asili yake ni robota, yaani kazi ya shokoa. Roboti wa mchezo ule walifanya kazi badala ya watu. Mtambo unaoitwa kwa jina hilo katika chumba cha upasuaji hauna tabia hiyo: haukati wala haushoni pasipo mkono wa mpasuaji kuuongoza. Kwa hiyo wanaotumaini kwamba utapunguza watu chumbani wameishika maana ya mchezoni.

Mtambo wa da Vinci, ulioruhusiwa Marekani mwaka 2000, hutumiwa pia katika upasuaji wa kurekebisha maumbile, kwa mfano kuchukua msuli wa mgongo ili kujenga titi upya. Mpasuaji huketi kando, mbali kidogo na mgonjwa, akitazama picha na kuendesha mikono ya chuma. Lakini mikono hiyo haina budi ivikwe vitambaa safi, isogezwe na kubadilishiwa vyombo, na hayo ni kazi ya msaidizi na muuguzi walio karibu na mgonjwa. Tabibu wa nusukaputi yupo vile vile.

Huko Maastricht, Uholanzi, mtambo mwingine ulitumiwa kuunga mishipa ya limfu, myembamba kuliko milimita 1, kwa wanawake waliovimba mkono baada ya kutibiwa saratani ya titi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Kuunga kwa roboti kulichukua muda mrefu kuliko kwa mkono, ila muda huo ulizidi kupungua kadiri kazi ilivyorudiwa. Mazoea ndiyo yaliyoleta wepesi, si wingi wa watu.

Tena wingi wenyewe waweza kuchelewesha. Uchunguzi wa upasuaji wa matundu madogo, uliochapishwa Marekani mwaka 2009, ulionyesha kwamba, hata ugumu wa kazi ulipohesabiwa, vikosi vikubwa vilikawia zaidi. Yafahamika: wengine huingia kupokea zamu kazi ikiwa katikati, na kila apokeaye hana budi kuelezwa mambo yalipofikia.

Katika upasuaji wa roboti maelezo hayo ni magumu zaidi, kwa kuwa mpasuaji, macho yakiwa ndani ya mtambo, haoni nyuso za wenziwe, na kidole chake hakionekani. Maneno kama hapa, pale na hiki, yanayotegemea kidole, hupungukiwa nguvu. Yafaa chombo na upande vitajwe kwa majina, na msaidizi airudie amri kabla ya kuitenda. Kwa Kiswahili hata amri fupi “toa” ina mashaka: yaweza kuwa kuchomoa chombo mwilini, au kukitoa kingine mezani, hali ncha ya kile cha kwanza ingali imeshika mshipa.