Pothosi: Mbegu yake ni shina

MFANYABIASHARA wa miche wa Igoma, kando ya barabara ya Mwanza kwenda Musoma, hana haja ya kutafuta mbegu za pothosi, lile ua la ndani linalotambaa. Kwa kawaida mmea huu hauchanui, hivyo hauzai mbegu. Mbegu yake ni shina.

Shina likirefuka na kupukutika majani, lipogoe kwa kisu kikali na safi. Mmea mama utachipua upya. Shina ulilokata ligawe pingili, kila moja iwe na kifundo, yaani pale jani linaposhikana na shina. Hapa ndipo wengi hupata hasara: jani lisilo na kifundo hukaa kijani kwenye maji wiki kadhaa, lakini halichipui. Aliyezoea kupanda marando ya viazi analijua hili.

Weka pingili kwenye maji safi, kivulini. Mizizi hutoka baada ya wiki 2 hadi 4. Kisha panda pingili 3 katika kila kiriba, kwenye udongo usiotuamisha maji. Shina lenye vifundo 12 litakupa viriba 4 vya kuuza.

Tahadhari: utomvu wake huwasha kinywa na koo. Uwe mbali na watoto na mbuzi.