Herufi Zikivurugika, Akili Husomaje?

Siku moja mwanafunzi wetu mmoja alirudishiwa imla yake, nayo ilikuwa nyekundu tangu juu hata chini. Hakununa. Alituletea karatasi aliyoinakili kutoka simu ya kaka yake, iliyosema ya kwamba mabingwa wa Uingereza wameona kuwa mpango wa herufi ndani ya neno si kitu: herufi ya kwanza na ya mwisho zikikaa mahali pake, zilizobaki zaweza kuchanganyika hovyo, na msomaji ataelewa. «Basi, mwalimu,» akauliza, «kwa nini nimepewa 3 juu ya 20?» Darasa zima lilicheka, na sisi pia tulicheka. Lakini swali lake lilikuwa swali la kweli.

Tazameni kwanza mstari huu: Mlwaimu alinigia darsaani na vtiabu vkyae, wanfuanzi wtoe waksiamama.

Bila shaka mmeusoma, labda kwa kusitasita kidogo tu. Jambo hili lashangaza, na ndiyo maana karatasi ile ilipoanza kuenea katika barua pepe, mwezi wa Septemba 2003, ilizunguka dunia kwa siku chache. Ilitaja Chuo Kikuu cha Cambridge. Matt Davis, aliyekuwa akichunguza lugha na ubongo hukohuko Cambridge, alitafuta uchunguzi huo asiuone. Aliyekuwa ameandika juu ya jambo la namna hii ni Graham Rawlinson, katika kazi yake ya Chuo Kikuu cha Nottingham ya mwaka 1976. Jina la Cambridge lilibandikwa tu, kama mchuuzi abandikavyo chapa ya duka kubwa juu ya sabuni yake.

Je, akili hufanyaje? Tunaposoma, jicho haliendi taratibu juu ya mstari kama mkono upapasao ukuta. Huruka, hutua kwa muda wa robo ya sekunde hivi, huruka tena. Kila litulipo hukusanya herufi kadhaa kwa pamoja. Tangu mwaka 1886 Mmarekani James McKeen Cattell, aliyekuwa akisoma Leipzig, Ujeremani, alionyesha ya kwamba mtu aliyezoea kusoma hulitambua neno zima upesi kama atambuavyo herufi moja peke yake. Basi herufi zikikosa mahali pake kidogo, akili huzipokea zote, hulinganisha na maneno inayoyajua, hutazama na maneno ya jirani, kisha huamua. Katika mstari wetu kulikuwa na mwalimu, darasa na vitabu. Wanafunzi wangefanya nini zaidi ya kusimama? Tena neno «na» halikuguswa, kwa sababu neno la herufi mbili haliwezi kuvurugwa.

Lakini sisi tuliuandika mstari ule kwa huruma. Herufi nyingi hatukuzipeleka mbali na kao lake. Sasa jaribuni haya mawili, yasiyo na jirani wa kuwasaidia: umiraku, mhamasa. Herufi za kwanza na za mwisho ziko mahali pake, sawa na sheria ya karatasi. Mbona mmekwama? Ni «ukarimu» na «msamaha».

Hata pale tusipokwama, twalipa. Mwaka 2006 Keith Rayner na wenzake waliwapa watu sentensi za Kiingereza zilizovurugwa, wakapima mwendo wa kusoma. Herufi za katikati zikibadilishana mahali, mwendo ulipungua 11 kwa mia. Zikiwa za mwisho wa neno, 26 kwa mia. Zikiwa za mwanzo, 36 kwa mia. Msomaji anaelewa, naam, lakini kama mtu apitaye njia yenye matope: atafika, ila amechelewa na amechoka.

Tena lugha hazifanani. Mwaka 2007 Hadas Velan na Ram Frost, wa Israeli, waliwajaribu watu wajuao Kiingereza na Kiebrania pia. Kiingereza kilichovurugwa walikisoma bila taabu kubwa; Kiebrania kiliwashinda. Sababu ni kwamba neno la Kiebrania hujengwa juu ya shina la herufi chache, mara nyingi tatu, na mpango wa herufi hizo ndio uhai wa neno.

Na Kiswahili chetu? Tumekaa jioni moja na kalamu tukachezea maneno, na tulipata mambo ya kumjibu mwanafunzi wetu. Chukueni «alikata», mkabadilishe herufi za katikati tu. Mwapata «alitaka». Fundi alikata mti, fundi alitaka mti: si habari moja. «Mkate» wageuka «mtake». Na lililotufurahisha kupita yote: «alipata» na «atalipa». Herufi ni zilezile, ya kwanza ni ileile, ya mwisho ni ileile. Ebu fikirini mama anayeandikiwa barua juu ya deni la mwanawe: «Ndugu yako alipata fedha» au «Ndugu yako atalipa fedha»? Hapo jicho halitasitasita hata kidogo, kwa kuwa maneno yote mawili ni halali. Msomaji atapita moja kwa moja na kosa mkononi. Lugha yetu hufunga nafsi, wakati na tendo ndani ya neno moja, kwa vipande vidogo vya herufi mbili tatu. Mwenye kuvichanganya hachafui sura ya neno tu.

Kwa hiyo alama ilibaki 3 juu ya 20.

Lakini kijana hakuondoka. Chini ya karatasi ileile palikuwa na mafumbo ya wazee, na ahadi kwamba mzee atakayeyafumbua kila siku hatapotewa na akili kamwe. Kwa sauti ndogo akatuambia kuwa ameanza kumpa nyanya yake mafumbo hayo, kwa maana siku hizi humwita kwa jina la mjomba wake aliyekufa zamani. Hapo hakuna aliyecheka.

Tulimjibu kwa yale tunayoyajua. Huko Marekani wazee 2,832, wenye miaka 65 na zaidi, waligawanywa makundi manne: moja lilizoezwa kukumbuka, la pili kufikiri kwa utaratibu, la tatu kutambua upesi mambo yaonekanayo, la nne halikuzoezwa. Mwaka 2002 ilitangazwa ya kwamba kila kundi liliendelea katika jambo lililozoezwa, si katika mengine. Mwaka 2014 ikatangazwa kwamba baada ya miaka 10 faida ilibaki katika kufikiri na katika wepesi wa kutambua, bali ile ya kukumbuka ilikuwa imekwisha. Mafumbo basi hunoa upande uleule yanaousugua. Dawa ya usahaulifu siyo.

Mzee anayeanza kuyachanganya majina ya watoto wake apelekwe kwa daktari. Mwaka 2024 mabingwa waliokusanywa na jarida The Lancet walisema kwamba karibu nusu ya magonjwa ya kupotewa na akili, 45 kwa mia, ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama mambo 14 yangetunzwa maishani. Kati yake ni masikio yasiyosikia, macho yasiyotibiwa, shinikizo la damu, tumbaku, upweke, na kukosa shule utotoni. Tulimwuliza kijana: nyanya husikia vema? Akafikiri. «Twapiga kelele kila tunapomwita.» Tukamwambia aanzie hapo.

Na mafumbo asiyaache. Mzee ana hazina ya maneno kuliko kijana. Mwendo wake ndio uliopungua. Mwandikieni kwa herufi kubwa, penye mwanga, wala msimharakishe. Asiyejua kusoma achezeshwe kinyume, mchezo wa zamani wa Waswahili, ambao silabi ya mwisho hupelekwa mbele: «nyumba» huwa «mbanyu», «chumba» huwa «mbachu».

Haya hapa ya kuanzia: sriufua, smahba, mukjuu, mgohuo, na la tano ktuaka.

Majibu: sufuria, shamba, mjukuu, muhogo. La tano lina majibu mawili, na aliyesoma vema juu hapo ameshayaona.