Rangi za kipeperushi huuza bidhaa, au huizika

MFANYABIASHARA anayefungua duka mjini Thika au Kisumu humwendea mpiga chapa, akaagiza vipeperushi elfu moja, na anapoulizwa anataka rangi zipi, hujibu: “Tia zile zinazopendeza.” Jibu hilo limewatia wengi hasara. Nakala elfu moja zenye rangi mbovu hulipiwa sawa na zilizo nzuri, na wino ukishakauka haurudi mkebeni.

Kosa ambalo nimelishuhudia mara nyingi zaidi katika miaka yangu ya kuhariri kurasa ni kuamini kiwambo cha tarakilishi. Kiwambo hutoa nuru yake chenyewe. Karatasi hurudisha tu nuru inayoiangukia. Kiwambo huunda rangi zote kwa mianga mitatu: nyekundu, kijani na buluu. Mtambo wa kuchapisha hutumia wino wa rangi nne, yaani samawati, waridi iliyokolea, manjano na nyeusi, na mchanganyiko huo hauwezi kufikia kila rangi iwakayo kiwamboni. Rangi ya chungwa kali na kijani kinachometameta hufifia zikifika karatasini. Buluu ya kung’aa huenda ikaelekea zambarau. Hapo ndipo mteja hugombana na mpiga chapa, ilhali kosa lilifanyika kabla ya mtambo kuwashwa.

Karatasi nayo ina neno lake. Ile isiyong’aa hunywa wino na kuipumbaza rangi. Sisi wa magazeti twalijua hilo fika. Isitoshe, wino huu hupenyeza nuru, na mitambo mingi haina wino mweupe: weupe unaouona ni karatasi yenyewe. Anayechagua karatasi ya manjano kwa kuwa ni rahisi, kisha akachapisha nembo yake ya buluu juu yake, asishangae ikitoka na ukijani.

Lakini hata rangi iliyotoka sawasawa haina faida iwapo maandishi hayasomeki. Wabunifu wa kanga walilifahamu hili zamani. Kisutu, kwa nyekundu, nyeusi na nyeupe yake, hutambulika kutoka ng’ambo ya barabara. Manjano juu ya nyeupe hupotea. Nyekundu juu ya kijani huumiza macho, na kuna watu, hasa wanaume, ambao macho yao hayazitofautishi rangi hizo mbili. Njia rahisi ya kujipima ni kutoa nakala ya mchoro wako kwa mashine ya rangi nyeusi pekee. Maneno yakizama, badilisha rangi.

Kisha kuna suala la rangi zilizokwisha kuwa na wenyewe. Tangu M-Pesa ianzishwe Machi 2007, vibanda vya mawakala wake vimepakwa kijani cha Safaricom kote nchini, nayo Airtel imeshika nyekundu. Muuza simu anayejipamba kwa mojawapo ya rangi hizo huwatangazia wengine kwa fedha zake mwenyewe. Siasa nazo zina rangi zake. Katika kura ya maamuzi ya Novemba 21, 2005, waliounga mkono rasimu ya katiba walipewa alama ya ndizi na waliopinga wakapewa chungwa. Chungwa likashinda, likazaa chama. Anayesambaza karatasi za rangi hiyo majira ya kampeni asistaajabu akiulizwa ametumwa na nani.

Mabango ya kubandikwa nje yanahitaji tahadhari ya ziada, kwani kwa kawaida manjano na waridi huchujuka juani mapema kuliko samawati na nyeusi. Tazama picha zilizozeeka kwenye dirisha la kinyozi: nyuso zote zimegeuka buluu. Bango ambalo ujumbe wake umeandikwa kwa nyekundu, rangi inayotokana na wino hao wawili wadhaifu, litakuwa la kwanza kunyamaza.

Kwa hivyo, kabla ya kulipa, dai sampuli moja iliyochapishwa juu ya karatasi ile ile itakayotumika. Usiikague chini ya taa ya dukani. Toka nayo nje, uitazame mchana kweupe, kisha uitie sahihi na ubaki na nakala. Rangi zikija tofauti na sampuli hiyo, gharama ya kurudia kazi ni ya mpiga chapa.